Ukingo wa Nani? Mto, Mji na Sheria Chini ya Kilimanjaro

Watu wa mwambao hujua, bila ya kufundishwa darasani, kwamba bahari ina mipaka miwili. Upo mpaka wa maji mafu, ambapo mawimbi hukoma mbali na mchanga wa juu hubaki mkavu kwa siku kadhaa. Na upo mpaka wa bamvua, ambapo maji hupanda hadi kwenye mizizi ya mivinje na kuchukua kila kilichoachwa ovyo. Fundi anayejenga banda la ngalawa yake hupima kwa bamvua. Anayepima kwa maji mafu huonekana mgeni, hata akiwa amezaliwa pale pale.

Mji nao huweza kuusahau mpaka huo. Anayepita Darajani, Unguja, siku hizi haoni daraja wala maji ya kuvukwa. Hori ya Pwani Ndogo, iliyoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya ishirini, ikawa barabara, viwanja na soko. Lililobaki ni jina, nalo ndilo ushahidi kwamba hapo palikuwa na maji na kwamba watu walihitaji daraja ili wapite.

Swali la wapi maji yanaishia na wapi nchi kavu inaanzia si la watu wa pwani peke yao. Huko bara, katika miteremko ya Kilimanjaro na katika mji wa Moshi ulio miguuni pake, watu wameliuliza swali hilo kwa karne nyingi na wamelijibu kwa sheria zaidi ya moja. Wachagga walilijibu kwa mila ya mfongo. Jamhuri ya Muungano ya Tanzania imelijibu kwa upande wake wa Bara kwa kipimo cha mita 60. Kenya, ambayo mpaka wake unapita chini ya mlima huo huo, imelijibu kwa mita 6 hadi 30. Majibu hayo matatu yanastahili kuwekwa pamoja, kwa sababu kila masika makubwa yanapokuja, nyumba za watu ndizo hulipa gharama ya jibu lililokosewa.

Mlima na maji yake

Mgeni akiitazama Kibo, yenye kimo cha mita 5,895, hudhani kwamba mito ya Uchagga ni theluji iliyoyeyuka. Sivyo. Barafu ile, ambayo kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipungua kwa kiasi cha asilimia 85, huchangia kidogo mno katika mito. Maji ya Kilimanjaro ni mvua inayonaswa na msitu, hasa upande wa kusini, ambako katika baadhi ya sehemu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kutoka ukingo wa chini wa msitu huo hadi Moshi mjini, ardhi hushuka kwa kiasi cha mita elfu moja katika masafa ya kilomita ishirini hivi. Mvua iliyonyesha usiku msituni inaweza kuwa mlangoni mwa mtu wa tambarare kabla ya jua kupanda, na pengine huko tambarare hakukudondoka hata tone.

Maji hayo hushuka katika makorongo marefu. Karanga, Rau, Weruweru, Kikafu, Mue na Himo ni majina machache tu miongoni mwa mito hiyo. Baina ya korongo na korongo kuna mgongo wa ardhi, na juu ya mgongo huo ndipo palipo vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yaliyozunguka nyumba. Kwa hiyo umbo la makazi ya Wachagga lilikuwa tayari aina ya sheria ya ujenzi: binadamu mgongoni, maji korongoni. Korongo liliachiwa miti, majani ya mifugo na mto wenyewe. Aliyetaka maji hakuhamia mtoni. Aliyaita maji yamfuate nyumbani, na njia ya kuyaita ilikuwa mfongo.

Sheria ya mfongo

Mfongo ni mfereji unaochimbwa kutoka juu sana mtoni, pengine msituni, na kuongozwa kando ya mteremko kwa mwinamo mdogo mno hadi maji yafike mgongoni, kisha yagawanywe kihamba kwa kihamba. Kazi hiyo ilifanywa bila ya vyombo vya upimaji vya kizungu. Harry Johnston, aliyekaa Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884, aliiona na kuisimulia. Charles Dundas, mtawala Mwingereza aliyeandika kitabu kuhusu Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, aliistaajabia. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyeishi miaka mingi Old Moshi, aliandika kitabu kizima juu ya sheria za Wachagga, kilichotoka mwaka 1926. Na mwaka 1974 mtafiti Mtanzania, Fidelis Masao, aliueleza mfumo huo kwa kalamu ya mwenyeji wa nchi. Mashahidi hao ni wa nyakati mbalimbali na nia mbalimbali, lakini wote walikuta kitu kimoja: mfereji wenye wenyewe.

Mfongo ulikuwa na ukoo ulioanzisha uchimbaji wake, na ulikuwa na mzee wake. Mzee huyo aliita watu wakati wa kuusafisha na kuukarabati, akapanga zamu za maji, akasuluhisha ugomvi. Asiyekuja kazini alitozwa faini, na akikaidi alinyimwa maji. Maji ya usiku yaliwekwa katika vidimbwi, vinavyoitwa nduwa, ili asubuhi yatumike kwa saa zilizokubaliwa. Hapakuwa na haki isiyo na jasho ndani yake.

Kwa suala la mafuriko, sehemu yenye mafunzo zaidi ni banio, yaani pale mfongo unapoyachukua maji kutoka mtoni. Banio la kale lilijengwa kwa mawe, magogo, udongo na majani ya migomba. Mhandisi wa leo anaweza kulitazama akaliona ni kazi dhaifu, kwa kuwa mto ukijaa hulibomoa. Lakini kubomoka huko kulikuwa na manufaa yake. Banio lilipochukuliwa na maji makubwa, mto ulipita na njia yake, na mfongo ukapona na gharika ambayo ingeukata ukingo na kuyamwaga maji juu ya vihamba. Mvua zikipungua, watu walipanda tena mlimani na kulijenga upya. Yaani mila ile ilikubali tangu mwanzo kwamba mto una msimu ambao haupingiki, na ikapanga kazi ya watu kuuzunguka msimu huo.

Si haki kuipamba mila hiyo kupita kiasi. Mamlaka ya mfongo yalikuwa ya wanaume, ingawa wateka maji wengi walikuwa wanawake. Mtu wa ukoo mwingine alilazimika kuomba. Mamangi walitumia kazi ya umma kwa faida yao, na mlima haukukosa vita vya umangi dhidi ya umangi. Pamoja na hayo yote, mila ilikuwa na jibu la swali moja ambalo sheria nyingi za baadaye zimeshindwa kulijibu: ukingo huu ni wa nani? Palikuwa na mtu anayejulikana kwa jina na kwa sura, aishiye hapo hapo, ambaye ukingo ukiharibika yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Mji uliofuata reli

Boma la Wajerumani lilikuwa juu mlimani, Old Moshi, katika nchi ya Mangi Meli, ambaye walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Lau mji ungebaki huko, ungeendelea kukaa mgongoni kama vihamba. Lakini reli kutoka Tanga ilipofika katika miaka ya 1911 na 1912, haikuweza kupanda miteremko ile. Ilisimama tambarare, kwenye kimo cha mita mia nane hivi, na mji ukashuka kuifuata. Moshi mpya ukazaliwa pale ambapo gari moshi liliweza kufika, baina ya mito iliyokuwa ikishuka kutoka vihambani.

Kwa wakati ule uamuzi huo haukuwa na ubaya mkubwa. Tambarare ilikuwa na watu wachache. Watu wa mlimani walishuka kulima mahindi na ulezi, kisha wakapanda kurudi nyumbani. Kulala chini kulikuwa kulala na mbu. Misitu ya Rau na Kahe, ambayo hukua kwa maji yanayochimbuka ardhini, ilionyesha kwa kila mwenye macho kwamba chini ya udongo ule pana maji yanayongoja. Hata majina yalisema. Kata moja ya katikati ya mji inaitwa Bondeni. Nyingine inaitwa Rau, kama mto. Nyingine ni Njoro, jina linalofanana na neno la Kimaasai la chemchemi.

Kisha kahawa ikaleta fedha na skuli, ushirika wa KNCU ukaanzishwa mwaka 1933, watu wakaongezeka na vihamba vikagawanywa kwa wana na wajukuu mpaka visigawike tena. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuuokoa msitu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kati ya vihamba na msitu wa hifadhi ili wenyeji wapate kuni na mbao bila ya kuuingia msitu mkuu. Lakini hapakuwa na ukanda wa namna hiyo huko chini. Kijana aliyekosa kihamba aliteremka, na safari hii hakushuka kulima tu. Alishuka kujenga.

Wakati huo huo wenye ukingo walikuwa wakiondolewa mmoja baada ya mwingine. Umangi ulifutwa mwaka 1963. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na za miji mwaka uliofuata. Za miji zilirudishwa mwaka 1978, na za wilaya mwaka 1984. Kwa miaka hiyo mamlaka ya karibu yalikuwa yakihama kutoka mkono hadi mkono, na mto haukungoja. Mifongo mingi iliendelea kusafishwa mlimani kwa nguvu ya mazoea. Tambarare, ambako hapakuwa na mila ya zamani ya kujenga, hapakuwa na mazoea ya kushika nafasi ya sheria.

Mwaka 1987 ulikamilika mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Lower Moshi, kwa msaada wa Japani, na mashamba ya mpunga yakatandazwa Mabogini na vijiji jirani. Mpunga unapenda maji kusimama. Nyumba haipendi. Lakini penye mpunga pana fedha, na penye fedha pana watu. Kadiri mji ulivyojaa, kiwanja cha tambarare kilizidi kuwa rahisi kuliko cha mlimani, na mkulima akamkatia mgeni kipande cha shamba mbele ya mashahidi wawili watatu wa kijiji. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Moshi ina watu zaidi ya 184,000, bila ya kuwahesabu wale waliokuwa wakilala ng'ambo ya mpaka wake, katika Halmashauri ya Wilaya, na kuja mjini kila asubuhi.

Mita sitini

Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Namba 4 ya mwaka 1999, inaitaja ardhi hatarishi, yaani ile ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira. Miongoni mwake ni ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au pwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, ikarejea kipimo hicho hicho na kukataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita hizo. Ni sheria ya Tanzania Bara. Haivuki mkondo wa Unguja, kwani Zanzibar ina sheria yake ya mazingira, iliyotungwa mwaka 2015.

Wema wa kipimo hiki ni wepesi wake. Mtu yeyote mwenye kamba ndefu anaweza kupima. Hakihitaji mtaalamu, wala hakimtofautishi tajiri na maskini. Nia yake pia ni njema, kwani ukingo wenye majani na miti hupunguza kasi ya maji na huzuia udongo usiingie mtoni.

Udhaifu wake unaonekana mtu anapokichukua na kutembea nacho kutoka Marangu hadi Kahe. Huko juu, mto umo ndani ya korongo lenye kina kirefu. Mita 60 kutoka ukingo, kwa kila upande, zinaweza kumeza sehemu kubwa ya mgongo mwembamba ambao watu wameishi kwa vizazi bila ya mto kuwagusa. Huko chini, ardhi ni kama sinia. Mto ukifurika huweza kuenda mbali mno kushinda mita 60, na aliyejenga kwenye mita ya 70, akiwa ameitii sheria, huamka akiwa ndani ya maji. Kipimo kimoja ni kikubwa mno mahali pamoja na kidogo mno mahali pengine, na umbali kati ya mahali hapo pawili ni mwendo wa saa moja kwa gari.

Kuna tatizo la pili: ukingo wenyewe uko wapi? Sheria inahesabu kutoka ukingoni, lakini mto wa tambarare huhama. Mwaka huu umekula upande huu, mwaka kesho umeacha mchanga upande ule. Korongo jingine ni kavu miezi tisa, na mgeni anayeoneshwa kiwanja wakati wa kiangazi hatambui kwamba amesimama mtoni. Arusha, jiji jirani lililo umbali wa kilomita themanini hivi, lina makorongo ya aina hiyo pamoja na mito ya Themi, Naura na Ngarenaro inayoshuka kutoka Meru. Sheria ni ile ile ya mita 60. Mwezi Aprili 2024 gari la skuli lilisombwa na maji ndani ya korongo huko Murriet, na watoto kadhaa wakapoteza maisha. Msiba ule haukuhusu nyumba, ila ulionyesha jinsi njia kavu ya maji inavyoweza kuzoeleka hadi ikachukuliwa kuwa njia ya watu.

La tatu, na kubwa zaidi, ni la ulinzi. Mto Rau unapotoka msituni hadi kwenye mpunga hupita katika mikono mingi. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye makao yake Moshi, hugawa haki za kutumia maji. Baraza la Taifa la mazingira husimamia sheria ya mwaka 2004. Manispaa hupanga viwanja ndani ya mipaka yake, Halmashauri ya Wilaya hupanga nje, na kijiji kina mamlaka juu ya ardhi ya kijiji. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezitambua jumuiya za watumia maji, na hapo mtu anaweza kuuona uso wa mzee wa mfongo ukirudi. Lakini jumuiya hizo hasa ni za kugawana maji. Anayetaka kujenga haendi kwao. Basi ukingo una wasimamizi wengi, na ukimegwa usiku mmoja, mwananchi hajui agonge mlango upi.

Ng'ambo ya mpaka

Mpaka wa Wajerumani na Waingereza ulipochorwa mwaka 1886, Kilimanjaro kiliachwa upande mmoja na Taveta upande wa pili. Mto Lumi, unaoanzia miteremko ya mashariki ya mlima, haukujua habari hiyo. Uliendelea kushuka kupitia Taveta hadi Ziwa Jipe, na Wataveta, kama jirani zao Wachagga, walikuwa na mifereji yao ya kumwagilia migomba. Tone moja la mvua ya Kilimanjaro, basi, linaweza kuanguka chini ya sheria moja na kufika ziwani chini ya nyingine.

Kanuni za Kenya za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zinakataza kulima au kuendeleza ardhi ya kando ya mto kwa upana sawa na upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala usizidi mita 30 kila upande, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kuandikwa. Kwa anayesoma kwa haraka, Kenya imeupa mto nafasi ndogo, nusu tu ya ile ya Tanzania. Anayesoma taratibu ataona kwamba kanuni hiyo inauliza jambo ambalo mita 60 hazikuliuliza: mto uliwahi kufika wapi? Hesabu inaanzia kwenye kumbukumbu ya maji, mfano wa fundi wa ngalawa anayepima kwa bamvua. Na upana wa ukingo hufuata upana wa mto: mto mkubwa hupewa kikubwa, kijito hupewa kidogo.

Hata hivyo, akili nzuri ya kanuni haikuwaokoa watu wa Nairobi. Ili kupima kutoka kwenye kiwango cha juu cha mafuriko, lazima pawepo aliyekiandika kiwango hicho na alama inayoonekana ardhini. Mahali pengi hapakuwa na chochote. Mwezi Agosti 2018 majengo makubwa, maduka ya fahari pamoja, yalibomolewa jijini humo kwa kuwa kando ya mito, na wenyewe wakatoa vibali walivyopewa. Masika ya mwaka 2024 yalipoua watu zaidi ya 200 nchini Kenya, serikali iliwaamuru wakazi wa kando ya mito wahame mara moja, na nyumba za Mathare na Mukuru zikaangushwa mvua ikiwa bado inanyesha. Tajiri wa 2018 alikuwa na mawakili. Maskini wa 2024 alikuwa na godoro lililolowa.

Alama nyekundu

Tanzania nayo ina somo lake, na somo hilo ni bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Jina la Jangwani lilitosha kumwonya mwenyeji wa pwani, anayejua kwamba jangwa ni ardhi tupu isiyokaliwa. Bonde lilikatazwa kujengwa miaka mingi, na watu wakajenga. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na waliookolewa wakapelekwa Mabwepande, mbali na shughuli zao. Wengi walirudi, kwa kuwa mkate wao ulikuwa bondeni. Mwishoni mwa mwaka 2015 alama nyekundu ya X ikaanza kupigwa kutani, na matingatinga yakafuata. Kina mama walisimama juu ya vifusi wakionyesha risiti za kodi ya majengo na za umeme. Kwa mwenye nyumba, serikali iliyomwambia amevunja sheria ilikuwa ndiyo hiyo hiyo iliyopokea fedha yake.

Wala haikuwa maskini peke yake aliyesahau. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ilijengwa pale pale Jangwani, na mara kwa mara maji yamekuja kuidai njia yake. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umechukua njia nyingine: kuwalipa watu kwanza, kisha kulirudishia bonde kazi yake ya kupokea maji. Wako waliolalamikia kiasi cha malipo. Lakini kule kukubali kwamba aliyejenga bondeni ni mtu wa kulipwa, badala ya kuwa mhalifu wa kufukuzwa, ni hatua.

Habari hizi za Dar es Salaam zina maana kwa Moshi, kwa sababu Moshi bado uko mwanzoni mwa barabara hiyo. Mvua za Elnino za mwaka 1997 na 1998 zilikumba tambarare ambayo bado ilikuwa na mashamba mengi kuliko mabati. Hali haiko hivyo tena. Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Na milima ya jirani imetoa onyo lake pia: maporomoko ya Mamba Miamba, wilayani Same, mwezi Novemba 2009, yaliua watu zaidi ya 20, na yale ya Hanang, mwezi Desemba 2023, zaidi ya 80. Nchi ya miteremko haiwezi kusema haikuambiwa.

Kilichosahauliwa

Tukiyaweka majibu matatu kwenye mizani, kila moja lina lililo lake. Sheria ya Tanzania ina wepesi: namba moja, inayokumbukika. Kanuni ya Kenya ina kumbukumbu: inaupima mto kwa siku yake ya hasira. Mila ya mfongo ilikuwa na mlinzi: mtu wa hapo hapo, anayeishi na matokeo ya uamuzi wake. Wepesi usio na mlinzi umezaa Jangwani. Kumbukumbu isiyo na mlinzi imezaa Mathare. Na mlinzi peke yake, bila ya kipimo cha nchi nzima, asingeweza kuuzuia mji wenye wageni wa kila kabila, wasiokuwa na ukoo wowote katika mfongo.

Hakuna anayeweza kumrudisha mangi, wala hakuna haja. Lakini jumuiya za watumia maji zipo, na wanaokumbuka Elnino ilifika wapi wangali hai. Wanaweza kuulizwa. Kila mahali walipoonyesha kwamba maji yalifika, panaweza kusimamishwa nguzo, isiyohitaji ramani kusomeka, na jumuiya ikapewa sauti ya kisheria kabla ya kiwanja kuuzwa. Na ofisi inayopokea kodi ya nyumba iliyo ndani ya nguzo hiyo iulizwe kwanza yenyewe, kabla ya mwenye nyumba kuulizwa. Hayo si mambo ya gharama kubwa. Nguzo ni rahisi kuliko tingatinga, na waswahili walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Masika yanapokaribia, wazee wa mifongo iliyosalia huko Uchagga bado hupanda kutazama mabanio yao. Wanajua kwamba mengine yatachukuliwa na maji, na wanajua ni nani wataitwa kuyajenga tena. Kilomita ishirini chini yao, mtu aliyenunua kiwanja wakati wa kiangazi anatandaza msingi wa nyumba yake, na hakuna aliyemwonyesha maji yaliwahi kufika wapi.